Nani Kasema Kitu Kidogo Kinataka Brashi Ndogo?

Chanzo cha ubishi kilikuwa na urefu wa sentimita saba. Kijana wa mti wa jakaranda, miguu imepanuka kidogo, fimbo imelala mabegani nyuma ya shingo na mikono miwili imeishika, kidevu juu. Msasa ulikuwa umemaliza kazi yake; rangi bado. Wenzake ishirini na watatu walikuwa kapuni, kila mmoja kazungushiwa gazeti kama yai.

Aliyewaleta ni Dada kutoka Mbale. Anachonga na kuuza vijana wa imbalu. Asiyejua imbalu na ajue hivi: ni jando la Wamasaba wa Uganda, hufanywa hadharani katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na uzinduzi wake huwa Agosti pale Mutoto, kando ya Mbale. Kijana husimama wima mbele ya ukoo mzima akatahiriwa, na watu hawaangalii kisu, wanaangalia uso. Wanataka kuona kama atapepesa.

Sasa mwenye duka moja la zawadi mjini Jinja kamwambia Dada kwamba vya mti mtupu havitoki tena, alete vyenye rangi. Ndipo tukakutana kibarazani kwa Mzee, Nalufenya. Najua msomaji wa mbali akisikia Nalufenya anawaza kituo cha polisi, kile kilichokuwa mahabusu ya kutajwa kwa kunong'ona hadi kilipofungiwa kazi hiyo mwaka 2018. Sisi tulio karibu tuna Nalufenya nyingine pia: ya mama aliyebeba mtoto mwenye homa kwenda wodi ya watoto, ya malori yanayotoka upande wa bwawa, na ya mafundi wa kando ya barabara kama huyu Mzee wetu, ambaye amechora mabango ya maduka na ubavu wa malori tangu ujana wake.

Tulikuwa watano. Majina nimeyaacha, nitawaita kwa kazi na vyeo vyao. Mzee ni Msoga aliyeokota Kiswahili mtaa wa Walukuba, enzi za viwanda. Mwalimu ni Mteso, anafundisha sanaa sekondari. Haji ni Mnubi, ana duka la rangi, misumari na mabati. Dada ni Mmasaba. Kiswahili ndicho kilichotupatia mahali pa kugombania.

MWALIMU: Tuanze na brashi, maana ndiyo iliyonitoa nyumbani. Nimeleta tatu: sifuri, sifuri mbili na sifuri tatu. Uso wa huyu kijana haufiki upana wa ukucha wa kidole changu cha mwisho, na jicho lake ni punje ya simsim. Kitu kidogo, brashi ndogo. Hesabu hiyo haihitaji Makerere.

MZEE: Na wewe Makerere umekwenda.

MWALIMU: Nimekwenda, Mzee, kwenye shule ile ya sanaa aliyoianza Margaret Trowell mwaka 1937. Lakini hili hata mtoto wa darasa la tatu analijua.

MZEE: Haya, mtie jicho tuone.

Mwalimu akakamua akriliki kidogo ya kahawia iliyokolea juu ya kigae, akaitia matone mawili ya maji, akachovya ile sifuri tatu. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Upepo wa ziwani ulikuwa unapita barazani na jua limeshaanza kupanda ukutani. Kutoka kigaeni hadi usoni mwa kijana ni mwendo wa shubiri mbili tu. Brashi ilipofika, ncha ilikuwa imekwisha kukauka. Akagusa: hakuna kitu. Akakandamiza: likatoka doa pembeni mwa pua. Akalifuta kwa kidole, akachovya tena, safari hii akachota nyingi. Tone likaning'inia kama kamasi la mtoto, likadondokea mdomoni.

Haji alicheka, akaomba radhi, akacheka tena.

MZEE: Mwalimu, hiyo brashi haina tumbo. Sikulaumu mkono. Mimi napiga mistari ya malori: mstari mmoja kutoka taa ya mbele hadi mkiani, bila kupumzika njiani. Naupiga kwa brashi ya singa ndefu, ndefu hivi, zilizotoka kwenye sikio la ng'ombe. Brashi ni mtungi. Rangi inakaa tumboni, inatokea mdomoni kidogo kidogo. Wewe umeleta mdomo, mtungi umeuacha nyumbani.

Akafungua kopo la zamani la maziwa ya unga, akatoa brashi ya mviringo, namba 2. Mpini wake ulikuwa umeng'ara kwa kushikwa. Akailoweka, akaigusisha kitambaani ili maji ya ziada yatoke, akachovya nusu ya singa tu, kisha jambo ambalo sikulitegemea: akaijaribu kwanza kwenye ukucha wa dole gumba lake. Mstari ukatoka mwembamba kama uzi wa buibui. Ndipo akaigeuzia kwa kijana. Mguso mmoja. Jicho likakaa mahali pake.

Hapa niingie kati. Watu wengi, mimi nikiwemo, tunasoma namba ya brashi kama namba ya kiatu, tukidhani inatuambia alama itakayoachwa. Namba inapima unene wa tumbo. Ukali wa ncha haumo humo kabisa. Namba 2 iliyochongoka vizuri huacha alama ndogo kuliko sifuri tatu iliyotawanyika, na hubeba rangi ya kutosha kumaliza macho mawili na nyusi kabla ya kurudi kigaeni. Kampuni ya Uingereza ya Winsor & Newton husimulia kwamba mwaka 1866 Malkia Victoria aliagiza brashi bora kabisa za rangi ya maji, na saizi aliyoipenda mwenyewe ilikuwa namba 7. Hadi leo wachoraji wa vinyago vidogo, wale wanaopaka askari wa urefu wa sentimita tatu kule Ulaya na Marekani, huzisaka brashi za ukoo huo, na wengi wao huishi na namba 1 na namba 2 tu.

MWALIMU: Nimeshindwa, lakini nusu. Brashi ya namna hiyo si singa za ng'ombe wala nailoni. Ni manyoya ya mkia wa mnyama mmoja wa Siberia, jamii ya kicheche. Manyoya hayo ni manene katikati, membamba kwenye ncha, kwa hiyo kila unywele ni mtungi mdogo ndani ya mtungi. Na bei yake, Mzee, brashi moja inaweza kumeza faida ya kapu zima la Dada.

DADA: Basi hiyo nimeisikia na imetosha.

HAJI: Kuna nailoni. Ninazo dukani, pakiti ya brashi kumi na mbili.

MZEE: Zako nazijua, Haji. Siku ya kwanza ncha kama sindano. Baada ya juma moja imepinda kama ndoano, unataka kupaka kushoto yenyewe inakwenda kulia.

HAJI: Ichovye kwenye maji ya moto, uinyoshe kwa vidole.

MZEE: Itanyooka mpaka kesho.

Wote wawili walikuwa na haki. Nailoni hupinda ncha, na maji ya moto huipa siku chache za ziada, si zaidi. Lakini Mwalimu alisema neno la busara hapo: nailoni ya bei nafuu ina kazi zake. Ichanganyie rangi. Ipakie rangi ya chini. Itumie kwa kazi za kusugua. Kinachoua brashi nzuri ni kuifanyisha kazi ya kijakazi. Mtu ananunua moja ya maana halafu anaikorogea rangi kopo zima, rangi inapanda hadi kwenye shingo ya bati, inakaukia humo ndani, singa zinafunguka kama ufagio. Huko shingoni hakuna sabuni inayofika. Chovya nusu, osha mara kwa mara, malizia kwa sabuni ya mche, ichongoe kwa vidole na uilaze. Ukiisimamisha na mpini juu, umeivunja shingo mwenyewe.

HAJI: Kabla hatujaondoka kwenye manyoya. Zile brashi nyeupe ngumu za kupakia kuta na mbao, nyingi ni za nguruwe. Mteja Mwislamu akija namwambia. Februari 2017 kule Malaysia serikali ilizikamata brashi zaidi ya 2,000 madukani kwa sababu hazikuandikwa kwamba ni za nguruwe. Siingii kwenye fiqhi, masheikh wana kauli zao. Nasema tu mtu aambiwe anachoshika.

DADA: Nyumbani kwetu nguruwe analiwa, Haji, lakini umesema haki. Hata mimi ningependa kujua nimeshika mkia wa nani.

MZEE: Zamani hakukuwa na haya yote. Unakata mwenyewe, unafunga mwenyewe.

MWALIMU: Ni kweli. Wachoraji wa vijipicha vya India walitumia manyoya ya mkia wa kindi, wakayabana ndani ya bua la unyoya wa ndege. Walichora ndevu za mfalme unywele mmoja mmoja.

Wakati huo Mzee alikuwa ameshika ile namba 2, na bila kufikiri akaipeleka mdomoni ili kuichongoa kwa ulimi. Miaka arobaini na zaidi anafanya hivyo. Mwalimu akamshika mkono, kwa adabu lakini kwa haraka.

MWALIMU: Samahani, Mzee wangu. Hilo hapana.

MZEE: Rangi haijaniua bado.

MWALIMU: Kule New Jersey, Marekani, kulikuwa na wasichana waliopaka namba za saa ili zing'ae gizani. Kazi ya brashi ndogo kabisa, kama hii yetu. Waliambiwa waichongoe brashi kwa midomo. Rangi yenyewe ilikuwa na rediamu. Ilipofika miaka ya 1920 taya zao zilikuwa zinaoza na meno yanatoka yenyewe. Wengine walikufa.

Kimya kidogo. Mzee aliitazama brashi, akaichongoa kwa vidole, akaifuta.

MZEE: Ya kwangu haina rediamu.

MWALIMU: Lakini unajua ina nini?

Mzee hakujibu, nasi hatukumlazimisha. Akahamia kwenye jambo ambalo alikuwa na uhakika nalo, nalo ni rangi ya mafuta. Hapo ndipo mjadala ulipopata moto.

MZEE: Hii akriliki yenu inakauka kabla mtu hajaamua. Mimi natumia glosi. Inakupa nafasi: umekosea, unafuta na tapentaini, unarudia. Na ikishakauka, mvua inyeshe, kinyago kiko palepale. Yule Tingatinga wa Dar es Salaam alifanya jina kwa rangi gani? Rangi ya baiskeli!

MWALIMU: Ni kweli. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968, na alipofariki mwaka 1972 alikuwa ameacha mtindo mzima nyuma yake, wote kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Lakini tazama alichora wapi, Mzee. Ubao bapa, wa futi mbili. Chui wake hana kivuli na hakihitaji. Anapaka rangi ya nyuma, anangoja ikauke, anaweka mnyama, anangoja, anaweka madoadoa. Glosi inang'aa sawasawa ubao mzima, inapendeza. Sasa ilete glosi kwenye uso wa ukubwa wa ukucha. Kila penye mwinuko panatoa mmeto wake. Paji linameta, pua inameta, mdomo unameta. Mtazamaji haoni uso, anaona taa.

MZEE: Basi ndiyo uzuri wake.

MWALIMU: Kwa pikipiki. Kwa mtu, hapana. Na kuna jingine. Mtu mzima akisimama juani, jua linamfanyia kazi: paji linang'aa, chini ya kidevu kunakuwa na giza. Huyu wa sentimita saba, jua ni lilelile lakini yeye ni mdogo mno. Shimo la jicho lake halina kina cha kuweka kivuli. Usipomchorea kivuli kwa brashi, hana kivuli. Ukimpaka rangi moja tu anakuwa pipi.

Hili la kivuli ndilo, kwa maoni yangu, moyo wa kazi nzima, na ajabu ni kwamba halihusu ukubwa wa brashi hata kidogo. Mwalimu alitueleza njia zinazotumika, na hazizidi tatu. Ya kwanza: rangi nyeusi-kahawia iliyotiwa maji mengi hadi iwe kama chai ya rangi, inamwagiwa kinyago, nayo inajikimbilia yenyewe kwenye mikunjo na kukaa humo. Ya pili ni brashi kavu: unachovya, unafuta rangi karibu yote kwenye kitambaa mpaka unadhani imekwisha, kisha unasugua juujuu, rangi inashika penye mwinuko tu. Ya tatu ndiyo ya watu wenye subira: tabaka juu ya tabaka, kila moja jepesi kiasi cha kuona la chini yake, likisogea kidogo kuelekea penye mwanga. Ya kwanza na ya pili mtu anajifunza kwa siku moja. Ya tatu nimeijaribu na siizungumzii.

DADA: Nami niulize, maana kapu ni langu. Lazima kupaka? Wakisii wa Tabaka na mawe yao, wanatia rangi jiwe zima halafu wanakwaruza, mchoro unatoka mweupe wenyewe. Hakuna brashi.

MZEE: Jiwe lile ni laini, halina nyuzi. Mti una nyuzi, mwanangu. Ukikwaruza jakaranda, msumari unafuata nyuzi, haufuati wewe.

HAJI: Na Wakamba? Nimeona twiga wao tangu utoto. Hawapaki rangi. Kiwi ya viatu, kitambaa, basi.

MWALIMU: Na wameishi kwa hiyo tangu Mutisya Munge aliporudi Wamunyu na ujuzi alioupata Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza. Lakini twiga wa kiwi, mteja anamaliza mwenyewe kichwani kwamba ni twiga. Kijana wa imbalu wa kiwi ni nani? Mtu kabeba fimbo.

DADA: Kweli. Wananiuliza kama ni mchungaji wa mbuzi.

Tukakubaliana kupaka. Haji, ambaye alikuwa ameketi kimya akihesabu, akatoa mfukoni kichupa cha nyeusi na kichupa cha nyekundu. Akasema ngozi nyeusi, midomo nyekundu, kazi imekwisha, ndivyo wengine wote wanavyofanya barabarani. Dada alivisogeza vile vichupa pembeni, taratibu, kwa upande wa mkono, kama mtu anayesogeza sahani ya chakula kilichochacha.

DADA: Haji, mimi sijazaa lami.

Hapo Mwalimu alikuwa nyumbani. Akachanganya kahawia, nyekundu kidogo, tone la bluu kwa ajili ya vivuli. Akatuonya juu ya kosa ambalo yeye mwenyewe alilifanya miaka mingi: ukitaka kuing'arisha ngozi nyeusi usitie nyeupe. Nyeupe inaifanya iwe na majivu, kama mtu aliyeoga bila kujipaka mafuta. Tia manjano iliyoiva, au rangi ya chungwa, na mwanga utatoka ndani. Akapaka paji, mifupa ya mashavu, mgongo wa pua, vifundo vya vidole. Kijana akaanza kuwa na damu.

DADA: Sasa mpakeni unga.

Mwalimu akasita. Hapo ndipo nilipoona Makerere na malori vyote vikikaa kimya. Kijana wa imbalu hapiti mitaani na ngozi tupu. Hupakwa chachu ya ulezi, mweupe-mweupe, na njuga mapajani, na shanga. Yaani ile nyeupe tuliyotoka kuikataza sasa inahitajika, mwili mzima.

MWALIMU: Rahisi. Brashi kavu. Ngozi tumekwisha kuipaka, nasugua nyeupe juu yake, kahawia inabaki mikunjoni. Itatoka vumbi-vumbi, hasa kama unga.

MZEE: Unga wa wapi huo? Chachu ikipakwa ni uji. Inameta. Inatiririka na jasho. Hapo, Mwalimu, hapo ndipo glosi yangu.

MWALIMU: Ikikauka haimeti.

MZEE: Nani amekwambia imekauka?

Wakamgeukia Dada. Wanaume wanne, na mmoja tu kati ya wote barazani aliyekuwa amesimama kwenye uwanja wa nyumba siku kaka zake wanapakwa.

DADA: Inategemea saa ngapi mmemchora. Anapozunguka kwa jamaa zake, ngoma ya kadodi mbele, jua kali, chachu imekauka na kupasuka-pasuka kama udongo wa kiangazi. Hapo Mwalimu ana haki. Lakini huyu wangu hatembei. Mmemtazama miguu? Amesimama. Fimbo iko shingoni. Huyu ni wa dakika ileile. Siku hiyo anapakwa tope, na tope ni bichi.

Nilikitazama tena kile kinyago. Saa nzima tulikuwa tunabishana juu ya singa na tapentaini, na hakuna hata mmoja wetu aliyeangalia miguu.

Basi mambo yakapangika yenyewe. Ngozi kwa akriliki, isiyong'aa. Unga wa zamani mgongoni na mikononi, kwa brashi kavu, ile nailoni ya Haji iliyopinda, maana kwa kazi hiyo kupinda si kasoro. Tope la kifuani na usoni, bichi, kwa glosi ya Mzee iliyotiwa udongo wa kahawia-kijivu, nayo ipakwe mwisho kabisa. Mzee na Mwalimu walikubaliana juu ya mpangilio huo bila kuelezana: mafuta juu ya akriliki hukaa, akriliki juu ya glosi huteleza na kubanduka. Shanga hazikupakwa kwa brashi yoyote. Mzee alichonga njiti ya kiberiti, akachovya kichwa chake, akaweka nukta moja moja. Nukta ya njiti ni duara kamili kila mara, na njiti ni bure.

Kulikuwa na mzozo mdogo wa kuzuia akriliki isikauke kigaeni. Mwalimu alisema sahani yenye sponji lililolowa, na juu yake karatasi ya kuokea, ili unyevu upande polepole. Dada akasema jani la mgomba liko hapo nyuma ya nyumba. Haji, ambaye kwa mara ya kwanza asubuhi ile alijua jibu kabla ya Mwalimu, akasema jani la mgomba ndilo tunalofungia matoke kwa sababu halipitishi maji. Ukiliweka juu ya sponji, rangi haitajua kama chini kuna maji. Tukatuma mtoto karatasi.

Na kinyago kisishikwe kwa vidole. Hili ni dogo lakini ndilo lililonisaidia mimi, mwenye mkono wa kutetemeka. Mzee alimgandisha kijana kwa gundi juu ya kizibo, kizibo akakirudisha kwenye chupa ya soda iliyojaa mchanga. Unashika chupa kwa mkono wa kushoto, unagusanisha viganja viwili kwenye vifundo vya mikono, viwiko juu ya meza. Mikono miwili ikitetemeka pamoja, brashi na uso hutetemeka pamoja, na mstari unatoka umenyooka.

Yakabaki macho. Yale ya Mzee ya mwanzo yalikuwa yamefunikwa na rangi ya ngozi.

MWALIMU: Kanuni ya macho ninayoijua ni hii. Kwanza giza kwenye shimo lote. Kisha mstari mweupe, lakini si mweupe wa chaki, wa krimu. Halafu mboni, na mboni usiipige nukta katikati, ukipiga nukta atakuwa kama mtu aliyeona mzimu. Vuta mstari mfupi wa wima kutoka ukope wa juu hadi wa chini, na uyaelekeze macho yote mawili upande mmoja kidogo. Hapo anaonekana anaishi.

DADA: Upande gani?

MWALIMU: Wowote. Kushoto, tuseme.

DADA: Mwalimu, huyu akitazama kushoto ameshindwa. Ukoo wake utahama kijiji.

Mwalimu akaweka brashi chini.

DADA: Macho mbele. Mbele kabisa, na yafunguke. Anatazama kitu kimoja mbali, hakiachi. Kama anaonekana ameona mzimu, sawa, na aonekane hivyo. Lakini ukope usishuke.

MZEE: Lete chupa.

Alikaa vizuri, viwiko mezani. Namba 2, nusu ya singa, kitambaa, ukucha wa dole gumba. Safari hii hakuipeleka brashi mdomoni, ingawa mkono ulianza safari ya kwenda huko na kurudi. Alivuta mstari wa kwanza wa wima, mfupi kuliko kope ya mtu. Akageuza chupa. Akavuta wa pili. Kisha akafanya jambo ambalo Mwalimu alikiri baadaye kwamba hakuwahi kulifundisha: akairudisha ile krimu, akaongeza unywele mmoja wa weupe chini ya kila mboni, kati ya mboni na ukope wa chini. Ukope ukaonekana umebaki nyuma. Macho yakafunguka zaidi ya kawaida, kiasi cha mtu anayeyashikilia kwa nguvu.

Dada aliichukua ile chupa, akaigeuza kwenye mwanga, akairudisha mezani. Akasema wamebaki ishirini na watatu.

Ukiniuliza mimi nani alishinda, nitasema kwa brashi alishinda Mzee, kwa rangi na kivuli alishinda Mwalimu, na kwa kinyago alishinda mwenye kapu, ambaye hakugusa brashi asubuhi nzima. Na wewe unayeanza kazi hii, iwe unapaka vijana wa imbalu, wanyama wa Noeli au wachezaji wa mpira wa mezani, usipoteze fedha kwa sifuri tatu. Nunua namba 2 moja yenye ncha, uijaribu kwanza kwa maji hapohapo dukani. Muuzaji akikukataza kuilowesha, nenda duka la pili.